Mafuta Yakipanda, Pikapu Yako Ina Thamani Gani?

Malalamiko kuhusu ripoti za uthamini wa pikapu zilizotumika yameongezeka, na mengi yanafanana. Mwenye gari amekuja na bei yake kichwani, ripoti imetoka na bei nyingine, basi anaamini ameonewa. Hapa sisi wathamini tunaeleza tunachokiangalia. Maelezo haya ni ya jumla na hayachukui nafasi ya ripoti ya gari lako.

Tuanze na lile tunaloambiwa kila siku dirishani: mafuta yakipanda, pikapu zote hushuka. Si kweli, na tumeshalisema sana. Zinazoshuka ni zile ambazo wanunuzi wake wana hiari. Anayebeba mbao, nondo au mazao hana hiari hiyo. Atalipia mafuta, atamwongezea mteja gharama ya usafiri, na bado atahitaji bodi ya kupakia. Aliyenunua kebini mbili yenye injini kubwa ya petroli kwa ajili ya kwenda kazini na kurudi anaweza kuhamia gari dogo mwezi huohuo. Wakihama wengi kwa mpigo, pikapu za aina hiyo hujaa yadi na wanaozitaka hawaonekani. Ndiyo maana pikapu ya dizeli ya kebini moja, iliyochakaa rangi lakini chesisi yake haina kutu, inaweza kushikilia bei yake huku jirani yake yenye viti vya ngozi ikiporomoka. Wenye viti vya ngozi ndio hasa wanaokasirika.

Hesabu ya mnunuzi ni rahisi. Chukua pikapu mbili, moja inakula lita 14 kwa kilometa 100 na nyingine lita 9. Kwa mwendo wa kilometa 20,000 kwa mwaka, ya kwanza inamaliza lita 2,800 na ya pili lita 1,800, yaani tofauti ya lita 1,000. Bei ya lita ikipanda kwa nusu, tofauti hiyo inakuwa sawa na lita 1,500 kwa bei ya zamani. Anayepanga kukaa na gari miaka mitatu anaona mzigo umeongezeka kwa thamani ya lita 1,500 za bei ya zamani, na huo ndio anaokuja kuukata kwenye bei yako. Hajakudharau, amepiga hesabu. Lakini anayetembea kilometa 4,000 tu kwa mwaka, ongezeko lake kwa miaka yote mitatu ni sawa na lita 300. Soko halimbagui, linampa punguzo lilelile. Mtu wa namna hiyo akinunua pikapu yenye kiu wakati kila mtu anaikimbia, amefanya biashara nzuri.

Jingine linalopotosha ni kupima kwa kilometa kwa lita. Kutoka kilometa 5 hadi 7 kwa lita, na kutoka 12 hadi 14, wengi huona ni nafuu ileile. Katika mwendo wa kilometa 10,000, ya kwanza inaokoa lita 571 na ya pili lita 119. Kwa hiyo pigo kubwa huwaangukia walio chini kabisa, yaani magari mazito ya injini kubwa.

Mfano unaofahamika zaidi ni wa Marekani mwaka 2008. Mafuta ghafi yalipita dola 147 kwa pipa mwezi Julai, na petroli ikapita dola 4 kwa galoni. Mwezi Mei, pikapu za Ford F-Series, zilizokuwa zikiongoza mauzo ya nchi hiyo kwa miaka mingi, zilipitwa na magari madogo ya Honda na Toyota. Athari kwa pikapu zilizotumika ilionekana kwenye magari ya kukodishwa kwa muda mrefu. Yaliporudishwa mwisho wa mkataba, hayakuwa na ile thamani iliyokadiriwa siku ya kusaini, na Ford ililazimika kuandika hasara ya takriban dola bilioni 2.1 kwa sababu hiyo katika robo moja ya mwaka. Chrysler nayo ilitangaza kuacha kabisa kukodisha kwa mtindo huo. Kabla mwaka haujaisha, mafuta yalikuwa yameshuka vibaya. Waliouza kwa hofu mwezi Julai walikuwa wamekwisha kuuza.

Sasa linganisha na 2022. Petroli huko ilipita dola 5 kwa galoni mwezi Juni, rekodi ya wakati huo, lakini pikapu zilizotumika hazikuanguka kama 2008. Uhaba wa chipu za kielektroniki ulikuwa umepunguza magari mapya viwandani, na asiyepata jipya alikimbilia lililotumika. Mafuta yalivuta bei chini, uhaba ukaishikilia juu. Anayekuja kwetu na bango la kituo cha mafuta kama ushahidi pekee wa thamani ya gari lake ameleta nusu ya kesi.

Baada ya bei kushuka, vishawishi huanza, na hapa tunaomba usikivu.

Kishawishi cha kwanza ni kurudisha nyuma kilometa. Odometa ya kielektroniki huchezewa kwa dakika chache, ila kumbukumbu za mwendo huweza kubaki kwenye kompyuta nyingine za gari, kwenye vitabu vya sevisi na vyeti vya ukaguzi. Tunaangalia pia pedali ya klachi, ukingo wa kiti cha dereva na usukani. Mpira wa pedali uliolika hadi chuma hauendani na kilometa 60,000. Sheria hutofautiana. Marekani kosa hili hufikia kifungo cha miaka mitatu, na mnunuzi aliyedanganywa kwa makusudi anaweza kudai mara tatu ya hasara yake au dola 10,000, kutegemea kipi ni kikubwa zaidi. Ujerumani kifungo hufikia mwaka mmoja. Kwetu, ripoti husimamishwa na jalada hupelekwa kwa wahusika. Hatuna mamlaka ya kulirudisha, hata ukiomba kwa upole.

Cha pili si kosa, ila huletwa vibaya: kufunga mfumo wa gesi ili kupunguza gharama. Mtungi ukilala ndani ya bodi unakula nafasi ya mzigo, na uzito wake unapunguza kilo zinazoruhusiwa kupakiwa. Kwa mbeba mizigo, hilo linaweza kufuta faida ya gesi yote. Utaratibu ni huu: leta cheti cha fundi aliyeidhinishwa, cheti cha kupimwa kwa mtungi chenye tarehe, na kadi ya gari iliyobadilishwa aina ya nishati. Namba ya mtungi kwenye cheti ilingane na iliyogongwa kwenye mtungi wenyewe. Karatasi moja ikikosekana, gari linathaminiwa kama lenye marekebisho yasiyosajiliwa, na kampuni ya bima inaweza kukataa dai.

Tukiwa kwenye bima: mikataba mingi hulipa gari lililoharibika kabisa kwa thamani ya soko ya siku ya ajali, bila kuvuka kiasi ulichokatia. Thamani ikishuka, ada uliyolipia ile ya juu haikuongezei kitu. Ikipanda baada ya mafuta kushuka, nawe hukuhuisha bima, kuna kipengele cha uwiano katika baadhi ya mikataba: unalipwa kwa sehemu ile tu ya thamani uliyoikatia bima. Gari la milioni 20 lililokatiwa bima ya milioni 12, likipata uharibifu wa milioni 5, hulipwa milioni 3. Soma mkataba kabla ya ajali.

Anayepinga ripoti aandike barua akitaja namba ya ripoti na namba ya chesisi, na aambatishe ushahidi wa mauzo ya magari ya mfano na mwaka ule ule, injini ileile na mwendo unaokaribiana. Bei zilizotangazwa na madalali si mauzo na hazipokelewi. Gari liletwe tena likiwa limeoshwa, chesisi ikiwemo, kwa sababu hatuwezi kusoma namba iliyofunikwa na tope.