Safi Faye aliwaachia wakulima waseme

Mtengenezaji filamu Safi Faye alizaliwa Dakar, Senegali, mwaka 1943, kwa wazazi wa kabila la Waserer wenye asili ya kijiji cha Fad'jal. Alikuwa mwalimu wa shule. Mwaka 1966, katika tamasha la kimataifa la sanaa za watu weusi lililofanyika Dakar, alikutana na Jean Rouch, Mfaransa aliyekuwa akipiga filamu za maisha ya Waafrika. Rouch akamchezesha katika filamu yake, na Safi akaenda Paris kusomea ethnolojia, yaani elimu ya mila na maisha ya jamii, na utengenezaji wa filamu.

Kwa miaka mingi kamera zilifika vijijini Afrika zikiwa mikononi mwa wageni, na wageni haohao ndio waliotoa maelezo. Safi aliishika kamera mwenyewe, akawaachia wanakijiji waseme. Mwaka 1975 akatoa Kaddu Beykat, filamu ndefu ya kwanza ya mwanamke wa Afrika kusini mwa Sahara kusambazwa kibiashara. Kijana Ngor anataka kumuoa Coumba, lakini karanga hazikustawi, mahari hana, basi anakwenda Dakar kutafuta kibarua. Kisa chenyewe ni chepesi. Uzito uko pale wanaume wanapokaa chini ya mti na kuzungumzia madeni yao, na zao hili la karanga waliloletewa na wakoloni na ambalo serikali huru iliendelea kuling'ang'ania. Wanaozungumza ni wanakijiji wenyewe, babu yake Safi akiwemo. Filamu ilipigwa marufuku Senegali. Huko Ufaransa, filamu hiyo ikapewa tuzo ya filamu ya Georges Sadoul.

Mwaka 1979 alipata shahada ya uzamivu, na mwaka huohuo akatoa filamu ya Fad'jal, ambamo wazee wanawasimulia watoto jinsi kijiji kilivyoanzishwa, huku sheria ya ardhi ya 1964 ikiwa imeikabidhi ardhi ya kijiji hicho kwa serikali. Filamu ya Mossane, aliyoipiga mwaka 1990, ilikwama kwa mgogoro na mtayarishaji hadi 1996, ilipoonyeshwa katika tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Alifariki Paris Februari 2023.

Kwa mwalimu anayetaka kuanza na filamu moja darasani, napendekeza Selbe ya mwaka 1983. Ni ya nusu saa tu. Mama wa watoto wanane anahangaikia riziki wakati wanaume wamekimbilia mjini. Safi anamuuliza maswali akiwa nyuma ya kamera, naye anajibu bila kusimamisha kazi.