Gari la Umeme: Dhana Potofu Kuhusu Mwendo, Breki na Chaji

Dereva aliyezoea gari la petroli huhamia kwenye gari la umeme na mazoea yake yote, na baadhi ya mazoea hayo ndiyo yanayommalizia chaji kabla ya kufika aendako.

Dhana: Barabara kuu ndiyo inayobana matumizi, kwa kuwa hakuna kusimamasimama.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa petroli, kwa sababu injini huunguza mafuta hata gari likiwa limekwama kwenye foleni. Mota ya umeme haizunguki gari likisimama, na katika mwendo wa mjini sehemu ya nguvu hurudi kwenye betri kila dereva anapopunguza mwendo. Kwenye barabara kuu, kinacholemea gari ni hewa. Ukinzani wake hukua kwa mraba wa mwendo, hivi kwamba kutoka kilomita 100 kwa saa hadi 120 huongeza ukinzani huo kwa asilimia 44, ilhali mwendo umeongezeka kwa asilimia 20 tu. Anayehofia kuishiwa chaji njiani apunguze mwendo kwanza. Kuzima redio, jambo ambalo wengi hulikimbilia, hakuokoi cha kuhesabika.

Dhana: Gari likipunguza mwendo hurudisha umeme wote, kwa hiyo hakuna hasara ya kukanyaga na kufunga breki.

Mota ikigeuka jenereta, nguvu huwa imekwisha kupotea kiasi ilipokuwa ikienda kwenye magurudumu, nayo hupotea tena inaporudi. Gari la tani 2 likipanda mlima wa kimo cha mita 100 hutumia takriban kilowati-saa 0.55 kwa kuinua uzito wake tu, na likishuka hurejesha sehemu ya kiasi hicho. Tazama kipimo cha nguvu kwenye dashibodi unapokaribia taa nyekundu. Ukiachia kanyagio la mafuta mapema na taratibu (jina limebaki, mafuta hayapo), alama husogea kidogo upande wa kuchaji na kutulia hapo. Ukichelewa na kufunga breki kwa nguvu, alama huruka hadi mwisho, na kinachoizidi mota huishia kuwa joto kwenye diski za breki. Betri iliyojaa kabisa, au yenye baridi kali, huweza kupokea umeme kidogo mno, kwa hiyo anayeanza safari kwa mteremko mrefu hana sababu ya kuijaza pomoni.

Dhana: Kiyoyozi ndicho mlaji mkuu wa chaji.

Kiyoyozi hula kwa saa, si kwa kilomita. Kikivuta kilowati 1, gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hupoteza kilowati-saa 1 katika kila kilomita 100, lakini kwenye foleni ya kilomita 20 kwa saa hasara hiyo hufika 5 kwa umbali uleule. Kufungua madirisha katika mwendo mkali nako huongeza ukinzani wa hewa. Lililo bora ni kupoza gari, au kulipasha joto, likiwa bado limechomekwa kwenye chaja, ili umeme wa kazi hiyo usitoke kwenye betri.

Dhana: Tairi za gari la umeme hazina tofauti.

Gari hili ni zito, na tairi zilizopungua upepo huliburuta. Zipimwe zikiwa zimepoa.

Dhana: Ukisimama kuchaji, subiri hadi asilimia 100.

Chaja ya haraka hupunguza kasi betri inapokaribia kujaa, na kwa kawaida kupita asilimia 80 ndiko kunakochosha kusubiri. Katika safari ndefu, vituo viwili vifupi mara nyingi humaliza kazi mapema kuliko kimoja kirefu. Kwa matumizi ya kila siku, betri zenye nikeli hudumu zaidi zisipojazwa kabisa, ilhali watengenezaji wengi wanaotumia betri za chuma na fosfeti hushauri zijazwe hadi 100 mara kwa mara ili kompyuta ya gari isome kiwango kwa usahihi, na aina ya betri uliyo nayo huandikwa kwenye kitabu cha gari au kwenye skrini ya mipangilio ya kuchaji.