Mkopo wa mtoto: dhana potofu kuhusu sera za kuongeza uzazi

"Shida ni hela tu. Serikali ikitoa, watu watazaa."

Hungaria imezitoa kweli. Tangu Julai 2019 wanandoa hukopa benki hadi forinti milioni 10 (milioni 11 tangu 2024) kwa dhamana ya serikali, bila riba. Mtoto wa kwanza akizaliwa ndani ya miaka mitano, mkopo hubaki bila riba na marejesho husimama miaka mitatu. Akija wa pili, marejesho husimama tena na asilimia 30 ya deni lililobaki hufutwa. Wa tatu hufuta deni lote. Asipopatikana mtoto, riba ya soko huanza kuhesabiwa na ruzuku iliyokwishatolewa hudaiwa irudishwe.

Kasoro imo kwenye hiyo miaka mitano. Aliyepanga kuzaa akiwa na miaka 32 anazaa akiwa na 29, lakini hilo halimwongezei mtoto mwingine. Nacho kipimo cha uzazi kinachotangazwa hujumlisha uzazi wa wanawake wa rika zote katika mwaka mmoja, kana kwamba ni maisha ya mwanamke mmoja. Wengi wakiwahi kuzaa kwa pamoja, kinapaa. Baadaye kinashuka, kwa kuwa waliotarajiwa kuzaa wameshazaa. Hungaria ilitoka watoto 1.23 kwa kila mwanamke mwaka 2011, ikafika karibu 1.6 mwaka 2021, kisha ikarudi chini ya 1.4 mwaka 2024. Mfumuko wa bei nao ulichangia. Ukitaka jibu la uhakika, subiri rika husika lifike miaka 45 ndipo uhesabu watoto wao.

"Kiwango cha uzazi kikipanda, watoto wanaongezeka."

Si lazima. Mwaka 2011 Hungaria ilipata watoto takriban 88,000; mwaka 2023, kiwango kikiwa juu zaidi, walizaliwa kama 85,000. Rika kubwa la wanawake waliozaliwa katikati ya miaka ya 1970 lilikuwa limevuka umri wa kuzaa, na waliolifuata ni wachache. Hakuna ruzuku inayoweza kuwaongeza akina mama ambao hawakuzaliwa.

"Msamaha wa kodi humsaidia maskini."

Tangu 2020 mama wa watoto wanne Hungaria halipi kodi ya mapato maisha yake yote. Asiye na mshahara hana cha kusamehewa.

"Basi piga marufuku utoaji mimba."

Jirani yao Romania ilifanya hivyo mwaka 1966. Kiwango kiliruka kutoka 1.9 hadi 3.7 mwaka uliofuata, kisha watu wakatafuta vichochoro na kikaanza kuporomoka. Kufikia mapema miaka ya 1980 kilikuwa karibu 2. Bei yake ilikuwa roho za wanawake. Mwaka 1989 vifo vya uzazi vilikuwa takriban 170 kwa kila vizazi hai 100,000, vingi vikitokana na mimba zilizotolewa kwa siri. Marufuku iliondolewa Desemba mwaka huo, na mwaka 1990 vifo hivyo vikapungua kwa karibu nusu.