Mhandisi mgeni na kiti cha umeneja

Kijiweni Ng'ong'ona, jirani na UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, utasikia, kahawa ikinyweka: wahandisi wa kigeni kule Marekani ni wa kuandika programu tu, uongozi hawauwezi, wapole mno. Hata mimi niliwahi kuamini.

Andy Grove alikuwa mkimbizi kutoka Hungaria. Aliiongoza Intel, kampuni ya chipu za kompyuta, tangu 1987 hadi 1998, na upole hakuwa nao hata chembe. Satya Nadella, mzaliwa wa Hyderabad, alishika uongozi wa Microsoft mwaka 2014.

Hao ni wachache, sawa. Lakini huo upole una chanzo. Mwenye viza ya H-1B, ile ya kazi kwa wataalamu wa kigeni, yuko Marekani kwa mgongo wa mwajiri. Akiachishwa kazi, kwa kawaida ana siku zisizozidi 60 kupata mwajiri mwingine, kubadili hadhi yake, au kufungasha virago. Mpangaji wa Area C asiye na mkataba hagombani na mwenye nyumba. Mhandisi huyu naye, mwenye mtoto darasa la pili, atambishia meneja kikaoni? Anaitikia, ananyamaza. Mwisho wa mwaka meneja yuleyule anaandika kwenye tathmini: hana sauti ya uongozi.