Je, wajua kwa nini kodi ya asilimia 10 hupatikana kwa kugawanya bei kwa 11?

Australia hutoza kodi ya bidhaa na huduma ya asilimia 10 tangu Julai 1, 2000, na bei anayoiona mteja dukani kwa kawaida huwa tayari imebeba kodi hiyo. Bei ikiwa dola 330, kodi iliyomo ni kiasi gani? Wengi huchukua kikokotoo, wakatafuta asilimia 10 ya 330 na kupata dola 33. Jibu sahihi ni dola 30.

Asilimia 10 ilitozwa juu ya bei ya kabla ya kodi, yaani 300, wala si juu ya 330. Chukua ndoo, mimina vikombe 10 vya maji, kisha kikombe kimoja cha maziwa. Maziwa ni sehemu ya kumi ya maji, lakini ni sehemu ya kumi na moja ya vyote vilivyomo ndooni. Bei ya dukani ndiyo ndoo nzima. Ukitaka kuhakiki, rudi nyuma: 330 toa 33 ni 297, ongeza asilimia 10 juu ya 297, unapata 326.70. Hesabu haikurudi ilikotoka.

Kosa hili huuma pande mbili. Kwenye mauzo ya dola 33,000, mfanyabiashara atapeleka 3,300 badala ya 3,000, na hizo 300 zinatoka mfukoni mwake. Kwenye manunuzi atadai marejesho makubwa kuliko kodi aliyolipa, na hapo anajitafutia matatizo na mamlaka ya kodi.

Kanuni ya jumla: jumlisha 100 na kiwango cha kodi, gawanya kiwango hicho kwa jumla hiyo, kisha zidisha kwa bei. New Zealand ilipotoza asilimia 12.5, sehemu ya kodi ilikuwa moja ya tisa kamili, hesabu ya kupendeza. Oktoba 2010 kiwango kikapanda hadi 15, na sehemu ikawa 3 ya 23. Bei ya dola 230 ina kodi ya 30.

Tahadhari: usigawanye risiti nzima kwa 11 kabla ya kuisoma. Australia haitozi kodi hii kwenye mkate wa kawaida, maziwa, matunda na mboga mbichi, ilhali keki na biskuti hutozwa. Jumlisha kwanza vinavyotozwa peke yake. Muuzaji asiyesajiliwa kwa kodi hii naye haitozi, kwa hiyo bei yake haina kodi ya kudai.

Senti nazo hupotea kwenye kukadiria. Bidhaa ya dola 2.50 ina kodi ya senti 22.7, inayokadiriwa kuwa 23. Ukinunua nne na kukadiria kila moja, unapata senti 92. Ukijumlisha kwanza, dola 10 gawanya kwa 11 ni senti 90.9, yaani 91. Australia inaruhusu njia zote mbili. Ankara ikipishana na hesabu yako kwa senti moja, angalia kwanza kama muuzaji alikadiria kila mstari au jumla, kabla ya kumwambia amekosea.