Bundi juu ya paa hatangazi msiba

Katika mitaa mingi ya Tanzania na Kenya, bundi akilia juu ya paa usiku, watu husema kuna mtu atakayefariki katika nyumba hiyo, na ndege huyo hurushiwa mawe hadi aondoke au afe. Imani hiyo ni ya miaka mingi, lakini haina msingi. Bundi hulia ili kumwita mwenzake au kulinda eneo lake, na anayekesha akimuuguza mgonjwa ndiye humsikia, kwa kuwa wengine wamelala. Mgonjwa akifariki, sauti ile hukumbukwa, ilhali zile nyakati nyingi ambazo bundi alilia na kukapambazuka salama husahaulika.

Kinachomleta karibu na nyumba zetu hasa ni panya. Mvua za masika zikiisha na mahindi yakaingia ghalani, panya hufuata nafaka, naye bundi huwafuata panya. Yule mweupe mwenye uso wa umbo la kopa, ambaye hutaga hata darini, hatoi ule mlio mzito wa kuguna: hupiga ukelele mkali, na makinda yake hukoroma usiku kucha yakidai chakula, jambo linaloweza kumtisha mtu asiyejua kilichomo juu ya kichwa chake. Pita chini ya mahali anaposhinda mchana, uokote donge jeusi alilolitema, ulivunje kwa kijiti: ndani ya manyoya yaliyoshikamana utaona mafuvu madogo ya panya, yakiwa bado na meno ya mbele yenye rangi ya manjano.