Stenti ya shingoni ikiziba tena: je, ni lazima kupasuliwa?

Baba aliwekewa stenti shingoni mwaka jana. Sasa ultrasaundi inaonyesha mshipa umeanza kuziba tena. Daktari alikosea?

Huenda hakukosea. Stenti ni kijibomba cha wavu wa chuma kinachotanua ateri ya karotidi, ile inayopeleka damu kwenye ubongo. Mwili huuona wavu huo kama jeraha, ukaota kovu linalopenya kwenye matundu yake. Hutokea zaidi miaka 2 ya mwanzo. Baadaye ni mafuta yaleyale yaliyoziba ateri mwanzoni, yamerudi. Katika utafiti wa CREST wa Marekani na Kanada, wenye wagonjwa 2,502, takriban 6 kwa kila 100 waliowekewa stenti waliziba tena vibaya ndani ya miaka 2. Waliopasuliwa tangu mwanzo badala ya kuwekewa stenti nao hawakuwa na nafuu kubwa kwa hilo.

Basi apasuliwe haraka?

Taratibu. Kovu ni laini, halimeguki ovyo kama mafuta, kwa hiyo wengi hawaoni dalili na hufuatiliwa tu. Tena stenti yenyewe huharakisha damu, na kwa kuwa ultrasaundi hukadiria kuziba kwa kasi ya damu, kipimo kinaweza kuonyesha ubaya kuliko ulivyo. Kisu hufikiriwa akipata dalili za kiharusi, au njia ikibaki nyembamba sana na kutanua kwa puto kukashindikana.

Chuma hicho hutolewaje?

Shingo huchanwa kando ya msuli ule unaotokeza ukigeuza kichwa. Anapewa heparini damu isigande, kisha ateri inabanwa chini na juu ya stenti. Kazi iko hapo juu: stenti ikifika karibu na taya, pa kuweka kibanio hapapatikani kirahisi. Ateri ikifunguliwa, wavu hubanduliwa pamoja na utando wa ndani, halafu hushonewa kiraka. Ukigoma kubanduka, kipande kizima hukatwa, pakaungwa mshipa uliotolewa mguuni au mrija wa bandia.

Hatari zake?

Kubwa ni kiharusi chenyewe. Neva za shingo nazo zinaweza kuguswa: sauti ikakwaruza, ulimi ukapinda upande. Mara nyingi hupona baada ya wiki au miezi.

Nyumbani tuangalie nini?

Asiache aspirini bila daktari kusema, na sigara aiache kabisa. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au jicho moja likiingia giza, msimpe hata chai. Mkimbizeni hospitali, hata kama baada ya dakika 10 anasema, "Nimepona, nirudisheni."